Tanga Kubwa, Foromali Mbovu

Mwaka 1953, mashindano ya magari ambayo baadaye dunia nzima iliyajua kwa jina la Safari yalipofanyika kwa mara ya kwanza, madereva hawakuondoka mahali pamoja. Wengine walianzia Nairobi, wengine Kampala, na wengine Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Vijana wengi wa leo, hata wale waliozaliwa Morogoro penyewe, hawana habari kwamba mji wao uliwahi kuwa lango la mashindano hayo. Magari yenyewe hayakuwa ya ajabu. Yaligawanywa katika makundi kwa kufuata bei zake dukani, na barabara ndizo zilizokuwa hakimu.

Hatulikumbuki jambo hilo leo kwa ajili ya kusifu michezo ya wenye fedha. Tunalikumbuka kwa sababu lina funzo ambalo limelipiwa kwa gharama kubwa na watu wengine, na ambalo sisi tunaendelea kulilipia upya kila mwaka kana kwamba halijapata kufundishwa. Funzo hilo ni kwamba gari haliwi imara kwa ukubwa wa injini yake. Gari ni imara kadiri ya kiungo chake kilicho dhaifu kuliko vyote, na aghalabu kiungo hicho kimejificha chini ya uvungu, mahali ambapo macho ya mnunuzi hayafiki.

Msomaji wa Unguja au Pemba huenda akauliza: Morogoro na sisi wapi na wapi? Jawabu lipo karibu. Gari la ofisi linalovuka bahari kumpeleka mkubwa wake Dodoma halina budi kupita Chalinze na Morogoro. Kadhalika, linaloua gari kwenye miteremko ya Mgeta ndilo linaloliua kwenye vilima vya Pemba, na ndilo linaloliua ufukweni linapoingizwa majini kushusha mashua. Tofauti ni muda tu. Milima huua upesi, visiwa huua polepole.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa maneno mengi. Nahodha anajua kwamba tanga likiwa kubwa na upepo ukiwa mzuri, chombo hakitakwenda popote ikiwa foromali imeoza au henza imechakaa. Upepo utakapovuma kwa nguvu, hautakisukuma chombo, utaivunja foromali. Na siku hiyo hakuna mtu mwenye akili atakayelaumu upepo. Katika gari, injini ndiyo tanga. Foromali yake ni ile chuma ya mviringo iliyo katikati ya ekseli, ambayo mafundi wetu huiita difu.

Difu ni nini hasa? Gari linapokata kona, tairi la upande wa nje husafiri masafa marefu zaidi kuliko la upande wa ndani. Chukua gari ambalo umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia ni mita moja na nusu. Likizunguka duara kamili, tairi la nje litakuwa limekwenda takriban mita 9.4 zaidi ya lile la ndani, na hesabu haibadiliki, duara likiwa pana kama uwanja wa mpira au dogo kama ua wa nyumba. Kama magurudumu yote mawili yangefungwa kwenye fimbo moja ya chuma, lazima moja lingeburuzwa. Mwaka 1827, fundi wa saa wa Ufaransa, Onésiphore Pecqueur, alipata hataza ya mpangilio wa magurudumu ya meno unaoruhusu tairi moja kwenda mbio kuliko jingine huku yote mawili yakiendelea kusukumwa. Yeye aliukusudia kwa gari la mvuke. Mpangilio huo ndio tunaoutumia hata leo.

Lakini difu ina kazi ya pili, nayo ndiyo inayoiua. Nguvu ya injini huja kutoka giaboksi kwa njia ya propela, ikiingia katika jino dogo liitwalo pinioni. Pinioni huzungusha gurudumu kubwa la meno, kraunwili, ambalo huugeuza mzunguko kuelekea pembeni na kuuzidisha nguvu huku likipunguza mwendo. Tuchukue mfano wa hesabu. Injini ikitoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 300, gia ya kwanza ikaizidisha mara tatu na nusu, na difu ikaizidisha tena mara nne, basi shafti mbili za ekseli zinabeba kwa pamoja nyutoni-mita 4,200. Yaani mzigo umeongezeka mara kumi na nne tangu ulipotoka kwenye injini. Na mzigo wote huo, kabla ya kugawanywa, hupita mahali ambapo jino linagusana na jino, kwenye eneo lisilofikia ukubwa wa ukucha.

Hapo ndipo penye siri ya jambo linalowashangaza wengi. Land Rover za zamani, mathalani zile za Series III, zilikuwa na injini ya petroli ya nguvu za farasi 70 hivi tu. Hata hivyo zilikuwa na sifa ya kukata shafti za ekseli ya nyuma. Itakuwaje injini dhaifu namna hiyo ikate chuma? Sababu ni ile gia ndogo ya mlimani, ambayo huizidisha nguvu tena zaidi ya mara mbili. Dereva akiwa na mzigo mzito, tairi limezama kwenye tope, akaachia klachi kwa ghafula, chuma husokotwa kama nguo inayokamuliwa. Watengenezaji wenyewe walilitambua hilo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Land Rover zile ndefu zikawekewa ekseli nzito zaidi ya aina ya Salisbury. Injini haikubadilishwa. Kilichobadilishwa ni foromali.

Mwandishi wa safu hii alilishuhudia jambo hilo kwa macho yake, masika moja, katika njia ya kuteremka kutoka Nyandira. Asiyeijua njia hiyo na aelewe kwamba mtu hutoka Morogoro kwa barabara ya Iringa, akifika Sangasanga, karibu na Mzumbe, hukata kuelekea milimani, na tangu hapo hakuna tena mahali pa kunyoosha usukani. Bonde liko upande mmoja na ukingo wa udongo mwekundu uko upande mwingine. Huko ndiko kunakolimwa kabichi, njegere na mboga nyingine zinazoteremshwa mpaka masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Tulikuwa katika Land Rover ya kukodi, magunia ya njegere juu na chini, na kati ya abiria alikuwamo mzee mgonjwa aliyekuwa akipelekwa hospitali mjini, amekaa amejifunika shuka na mwanawe amemshikilia.

Palikuwa na mwinuko mfupi baada ya kuvuka kijito. Tairi la nyuma likateleza, dereva akaongeza moto, tairi likakamata jiwe, na hapo ukasikika mlio kama wa mbao kavu ikivunjika. Injini iliendelea kuunguruma, lakini gari lilianza kurudi nyuma. Dereva alikanyaga breki, hakuivuta ya mkono, akapiga kelele moja tu: "Mawe! Wekeni mawe!" Vijana wawili waliruka wakaziba magurudumu.

Nilimwuliza baadaye kwa nini hakuvuta breki ya mkono. Akanijibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto: "Mzee, hii breki ya mkono hushika propela, haishiki tairi. Shafti imekatika. Ningeshika nini?" Ni kweli kabisa. Katika gari lile breki ya mkono iko nyuma ya giaboksi, na shafti ikikatika, kinachozuiwa na breki hiyo hakina tena uhusiano wowote na ardhi. Mtu asiyejua angelivuta, akashuka kwa matumaini, na abiria wake wakaishia bondeni.

Kisha akatwaa spana, akafungua boliti sita za kitovu cha gurudumu, akaichomoa ile shafti ikiwa imekatika vipande viwili, akaziba tundu, akaingiza gia ya magurudumu ya mbele, na tukaendelea na safari tukivutwa na ekseli ya mbele. Kazi yote haikuchukua saa nzima. Iliwezekana kwa sababu uzito wa Land Rover hiyo unabebwa na kitovu na beringi zake, nayo shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ikichomolewa, gurudumu halianguki. Yule mzee alifika hospitali jioni ileile. Juu zaidi tulikuwa tumeliacha gari jipya la fahari lenye injini mara tatu ya ile yetu, limesimama kando ya njia, mafuta meusi yakichuruzika kutoka chini ya difu, likisubiri kuvutwa.

Tumeisimulia habari hiyo si kwa kusifu gari moja na kulaani jingine. Uluguru si mahali pa kawaida. Kilele cha Kimhandu kimepita mita 2,600, na miteremko ya mashariki hupokea mvua kubwa inayolisha mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Mvua iyo hiyo inayotupatia uhai ndiyo inayogeuza njia kuwa utelezi. Na utelezi ndio adui wa kwanza wa difu.

Difu ya kawaida ina tabia moja isiyo ya haki. Hugawa nguvu sawasawa kwa magurudumu yote mawili, lakini kiasi inachogawa hakiwezi kuzidi kile ambacho gurudumu lililo dhaifu linaweza kukipokea. Tairi moja likiwa kwenye tope na jingine kwenye ardhi kavu, lile la kwenye tope huzunguka bure, kwa mwendo mara mbili ya kawaida, na lile lililo pakavu husimama likitazama. Wakati huo, magurudumu madogo ya meno yaliyomo ndani ya difu, ambayo yaliumbwa kwa kuzunguka polepole kwenye kona, huzunguka kwa kasi yasiyoizoea. Mafuta hurushwa mbali nayo, chuma hukwaruzana na chuma, hupata moto, na hatimaye huganda kwenye pini yake au kuivunja. Dereva asiyejua hudhani kwamba kadiri anavyozidisha moto ndivyo anavyojiokoa. Kwa kweli anajichimbia shimo mara mbili, moja chini ya tairi na jingine ndani ya difu.

Wenye magari ya mashindano waliliona hilo mapema. Katika miaka ya 1930, magari ya mbio ya Auto Union ya Ujerumani, yaliyobuniwa na Ferdinand Porsche, yalikuwa na nguvu nyingi mno hata tairi moja la nyuma liliteleza gari likiwa tayari kwenye mwendo wa kasi kubwa. Mwaka 1935 kampuni ya ZF ikaombwa kubuni difu inayozuia utelezi huo. Tangu hapo difu za namna hiyo zimekuwa jambo la kawaida katika magari ya kasi. Lakini dawa nayo ilileta ugonjwa wake. Tairi likiteleza, utelezi wenyewe ni nafuu kwa chuma, kwa kuwa nguvu imepata pa kutokea. Ukizuia utelezi, nguvu hiyo haipotei. Huhamia kwenye shafti, kwenye krosi za propela, kwenye meno ya kraunwili, na kwenye boliti zinazoishikilia difu yenyewe mahali pake.

Ushahidi wa jambo hilo umo katika historia ya Safari. Gari la Porsche 911, mojawapo ya magari ya michezo yanayosifiwa kuliko yote duniani, lilishika nafasi ya pili mwaka 1972, likaishika tena mwaka 1974 na mwaka 1978, lakini katika miaka yote hiyo halikupata kuwa la kwanza. Kwa upande mwingine, Peugeot 404, gari la familia lisilokuwa na majivuno yoyote, lilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulitwaliwa na Bert Shankland, aliyekuwa mkaazi wa Tanzania. Mwaka 1963 na mwaka 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, na mara zote mbili la mbele lilikuwa Peugeot 404. Ekseli ya gari hilo haikutumia pinioni na kraunwili kama magari mengi. Ilitumia mnyoo wa chuma unaozungusha gurudumu la meno la shaba nyeusi, mpangilio wa kizamani, wenye kugusana kwa upana zaidi na wenye kuvumilia vishindo. Hatusemi kwamba mnyoo huo peke yake ndio ulioshinda. Tunasema kwamba gari zima lilijengwa kwa fikra hiyo ya uvumilivu.

Wala haina maana kwamba gari la michezo haliwezi kushinda barabara za kwetu. Datsun 240Z, gari la michezo la injini ya lita 2.4, lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Kati ya miaka hiyo miwili, mwaka 1972, mashindano yalianzia Dar es Salaam, na Hannu Mikkola wa Finland akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kuyashinda, kwa Ford Escort. Walioshinda kwa magari ya kasi walikuwa wamejua mahali pa kutia nguvu. Walitia nguvu chini, wakabadilisha difu na shafti kwa zilizo nzito zaidi, wakakagua kila kituo, na wakawafundisha madereva wao kuondoa mguu kabla gari halijaruka.

Nukta hiyo ya kuruka inahitaji maelezo. Gari likiwa hewani, magurudumu hayana kinachoyazuia, nayo huzunguka kwa kasi mno. Yakigusa ardhi, mwendo huo wote hulazimika kupungua kwa kufumba na kufumbua. Kishindo hicho ndicho kinachong'oa meno ya pinioni. Dereva hodari huachia moto akiwa bado hewani. Dereva wa gari la serikali anayeruka tuta bila kuondoa mguu anafanya kosa lile lile, tena pasipo kombe la kumfariji.

Magurudumu manne yenye kusukuma yalipoingia katika mashindano ya dunia mwanzoni mwa miaka ya 1980, wengi walidhani kwamba suala limekwisha. Lakini mwaka 1984, 1985 na 1986, Safari ilishindwa kwa Toyota Celica iliyosukuma magurudumu ya nyuma tu. Ilikuwa lazima kungoja mpaka mwaka 1987 ndipo Audi 200 yenye kusukuma magurudumu yote ikashinda, naye dereva alikuwa Mikkola yule yule. Sababu mojawapo si ngumu kuifahamu. Gari la namna hiyo lina difu tatu badala ya moja, yaani vitu vitatu vya kuvunjika, na uhandisi ulihitaji muda kuvizoeza mavumbi na mawe yetu.

Magari ya michezo ya leo yamefikia nguvu za farasi 500, 600 na kuzidi, yakiwa na matairi yanayong'ang'ania lami kama kupe. Dereva hubonyeza kitufe, injini hupandishwa mzunguko gari likiwa limesimama, kisha klachi huachiwa kwa mara moja. Mafuta ndani ya difu hayazidi sana lita moja au mbili, na hupata moto hata baadhi ya magari hayo yamewekewa pampu na vipozeo vya difu peke yake. Mahali pengine difu huhimili, lakini kinachoishikilia hushindwa: katika BMW M3 za kati ya miaka ya 2000 na 2006, bati la sakafu ambamo fremu ya ekseli ya nyuma imefungwa lilijulikana kwa kupasuka nyufa. Tanga limekuwa kubwa, foromali imeimarishwa, sasa mlingoti ndio unaolia. Katika kila hali nguvu haikosi kuutafuta udhaifu.

Sasa tuyaache magari ya wenye mali tuje kwenye jambo linalotuhusu. Mashindano ya Safari yaliondoka Tanzania miaka mingi iliyopita, lakini vishindo havikuondoka. Kila siku magari ya umma hupita barabara hizo yakiwa na mzigo uliozidi, na gari likikwama, si mshindani anayepoteza kombe. Ni mgonjwa anayechelewa, ni chanjo inayopata joto, ni mboga inayooza, ni mwalimu asiyefika kituoni. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika Morogoro na Dodoma, nayo ni faraja kubwa kwa watumishi na wasafiri. Lakini treni haipandi Nyandira wala haiendi Micheweni. Mwisho wa safari bado ni gari, na mwisho wa gari ni difu.

Tunawashauri wahusika mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza ni katika kununua. Karatasi za zabuni husifu nguvu za farasi na viti vya ngozi. Ziulize pia juu ya ekseli, uzito unaoweza kubebwa, na upatikanaji wa vipuri hapa nchini. Gari lililotumika likitoka meli, fundi aingie uvunguni kabla fedha haijatoka. Afungue boliti ya difu, atazame mafuta. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yamekwisha kuingia. Yakiwa na vumbi linalometameta, chuma kimekwisha kuanza kuliwa.

La pili ni mafuta yenyewe. Meno ya difu za siku hizi hayabingiriki tu. Hukwaruzana kwa kuteleza chini ya mkandamizo mkubwa, na yanahitaji mafuta maalumu ya difu. Kumimina mafuta ya injini yaliyobaki katika kopo ni kuichimbia difu kaburi. Na difu zile zenye kuzuia utelezi kwa sahani huhitaji mafuta yake hasa, kama kitabu cha gari kinavyoelekeza.

La tatu ni maji, na hapa ndugu zetu wa visiwani wasikilize kwa makini. Juu ya ekseli pana kijitundu cha kupumulia. Difu iliyopata moto ikiingizwa ghafula katika maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa. Kijitundu kikiwa kimezibwa na tope, difu huvuta pumzi kupitia kwenye sili, na kinachoingia ni maji. Yakiwa ya mto Mgeta, ni hasara. Yakiwa ya bahari, ni hasara yenye chumvi ndani yake, nayo kutu haingoji. Gari lililoshusha mashua likaguliwe mafuta ya difu juma hilo hilo, lisingoje tarehe ya matengenezo.

La nne ni matairi. Gari lililofungwa tairi jipya upande mmoja na kipara upande mwingine, hata likienda njia iliyonyooka, difu yake huamini kwamba iko kwenye kona isiyokwisha, nayo hufanya kazi tangu Chalinze mpaka Dodoma bila kupumzika. Vivyo hivyo dereva anayesahau gia ya magurudumu manne, au difu loki, akiwa juu ya lami kavu, anasokota chuma ambacho hakina pa kujinyooshea.

La tano ni masikio. Difu haifi kimya. Huvuma dereva akikanyaga moto, au huvuma akiuachia. Hugonga mara moja gari linapoanza kuondoka. Hutia doa la mafuta sakafuni usiku. Dereva ndiye wa kwanza kusikia, na mara nyingi ndiye wa mwisho kuulizwa. Ofisi nyingi zina kitabu cha safari kinachoandikwa kilomita na jina la mkubwa aliyebebwa. Pangekuwa na mstari mmoja tu wa dereva kuandika alichokisikia, na fundi mmoja wa kuusoma, fedha nyingi zingesalimika. Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Turudi kwa yule dereva wa Nyandira, ambaye jina lake halimo katika orodha yoyote ya washindi. Hakuwa na gari la kasi. Alikuwa na spana, mawe, na ujuzi wa kila kiungo kilicho kati ya injini yake na ardhi. Alijua kipi kitavunjika, kwa nini kitavunjika, na afanye nini kikivunjika. Kabla ya kuidhinisha gari jingine lenye injini kubwa kuliko la jana, mwenye kalamu na ajiulize kama kuna mtu ofisini kwake anayejua hayo matatu. Kama hayupo, fedha hiyo na ianze kwa kumpata.